Chuma Chenu Ni Dhaifu

Wamarekani wana sheria ya dhamana ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, na ina huruma kweli: kiwanda hakiwezi kumnyima mteja haki yake eti kwa kuwa tu kabadilisha mpini wa kisu. Lazima kioneshe kwamba ufundi wa mteja ndio ulioleta ubovu.

Kwa mteja mmoja, bwana fundi wetu, kazi hiyo ya kiwanda ni nyepesi. Alikipitisha kisu kwenye grinda, kikavu, bila tone la maji. Makali yakawa manjano, yakaja kahawia, yakaingia zambarau, mwisho buluu. Yeye akaipenda hiyo buluu! Kumbe ndiyo dalili kwamba chuma kimefika nyuzijoto kama 300 na ugumu wake umeshakwenda zake. Hakutosheka, akatoboa bapa matundu matatu, ati kukipunguzia uzito, kisha akafungulia nacho kopo la rangi.

Kimekatikia wapi? Kwenye tundu la kati, bila shaka. Sasa vipande viko njiani kurudi kiwandani na barua kali: chuma chenu ni dhaifu, nileteeni kingine. Na tafadhali, kije kimeshatobolewa.