Shimo la Picha ya Ndege na Bata wa Mama Mkwe

Mtu akichimba shimo dogo la mraba kiwanjani kwake, kisha akapiga magoti kulichungulia huku ameshika rula na simu, majirani hawafikirii habari za choo. Pale Picha ya Ndege, Kibaha, jirani wa kwanza alisogea uzioni akauliza kwa sauti ya chini kama ni mali zilizofukiwa na Mjerumani. Wa pili hakuuliza. Alimwita mwanawe arudi ndani.

Mwenye rula alikuwa mwandishi wa mistari hii, na alichotafuta ni kujua ardhi yake inakunywa maji kwa kasi gani. Nyumba isiyo na bomba la majitaka la mji hutegemea mashimo mawili. La kwanza ni tangi lisilovuja, ambamo tope hutuama chini na mafuta huelea juu. La pili ni la kunyonya: maji yanayobaki huingia humo yakanywewa na udongo. Udongo ukigoma, maji hurudi yalikotoka, na mara nyingi huchagua siku ya wageni.

Fundi aliona kupima ni utani. "Bosi, shimo ni shimo. Huku nimechimba mpaka mashimo yananisalimia." Malipo yake yalikuwa kwa futi, hivyo imani yake katika mashimo marefu haikuyumba hata siku moja.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Katika miaka ya 1920 mhandisi Henry Ryon wa jimbo la New York, Marekani, alichimba vishimo karibu na mifumo ya majitaka iliyofanya kazi na iliyoshindwa, akalinganisha maji yalivyoshuka. Waingereza nao wana utaratibu wao, ambao mwandishi aliufuata kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Unachimba shimo la sentimita 30 kwa 30 na kulijaza maji ya kina hichohicho. Hizo ni lita 27, yaani ndoo kubwa moja na kidumu. Unayaacha yanywewe usiku kucha ili udongo ushibe. Kesho yake unajaza tena, unahesabu sekunde ambazo maji yanatumia kushuka kutoka robo tatu ya shimo hadi robo, kisha unagawanya kwa 150, kwa kuwa yameshuka milimita 150. Jibu likiangukia kati ya 12 na 100, udongo unafaa. Rudia mara tatu, na usitegemee shimo moja.

Mwandishi, kwa haraka zake, aliruka usiku.

Maji yalitoweka kabla hajamaliza kufungua saa ya simu. Akampigia mkewe kumjulisha kwamba wamenunua kiwanja cha dhahabu. Hakujua kuwa udongo mkavu hunywa kama abiria aliyeteremka Chalinze saa saba mchana: glasi ya kwanza haisemi lolote kuhusu ya tano. Siku ya pili alifuata utaratibu. Mzunguko wa kwanza ulichukua dakika 21, wa pili vilevile. Wa tatu ulichukua dakika sita, na furaha ilikuwa kubwa mpaka zilipoonekana kwato ukingoni. Wakati mwandishi akiongea na simu, mbuzi wa jirani alikuwa amechangia utafiti.

Mbuzi alipoondolewa kwenye hesabu, jibu likawa 8.4. Mwandishi alimpelekea bwana afya jibu hilo kama mtoto anayepeleka ripoti ya shule. Bwana afya hakupiga makofi. Kumbe kunyonya haraka mno nako ni ugonjwa. Chembe ya mchanga inaweza kufikia milimita 2, wakati ya mfinyanzi haifiki 0.002; hivyo katikati ya chembe kubwa maji machafu hupita mbio, kabla vijidudu vya udongo havijapata nafasi ya kuyasafisha. "Na yule jirani yako ana kisima," alisema. Shimo likaamriwa libaki fupi na lisogezwe mbali na kisima. Fundi alinuna siku mbili.

Habari zilifika Kisarawe, kwa mama mkwe, aliyekuwa anajenga chini ya mteremko. Kumpimia mama mkwe ardhi ya choo ni mtihani wa lugha kabla ya kuwa wa maji. "Baba, nasikia unapima... yale mambo," alisema akitazama mwembe. "Ndiyo mama, yale maji," alijibu mkwe akitazama mwembe uleule. Neno choo halikutamkwa siku nzima.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea. Upande huo kuna vilima vya Pugu, maarufu kwa kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, na wenyeji wanajua kuwa si kila ardhi ya huko ina haraka. Shimo lilijazwa jioni, likafunikwa bati ili mvua isiingie. Asubuhi maji yalikuwa juu kuliko yalivyoachwa, upana wa vidole viwili, na chura amekaa pembeni. Yalikuwa yametoka ardhini. Mwandishi alijaribu kugawanya kwa 150, akakuta fomula haina mahali pa kuweka maji yanayopanda.

"Kwa hiyo yangu hainywi, inatoa?" aliuliza mama mkwe.

Walipima tena juu ya mteremko, mbali na mwembe. Maji yalichukua saa tatu na dakika 20. Jibu: 80. Hapo ndipo mtaro wa kunyonya ulipochimbwa, mfupi kwenda chini lakini mrefu kwenda pembeni, nao umeshapita masika mengine bila kugoma.

Lile shimo la chini halikufukiwa. Mama mkwe alilipanua na sasa lina bata wanne. Anayetaka kupima kwake aje achukue rula Picha ya Ndege, mbuzi amefungwa.