Jinsi ya Kumtoa Jasho Muuza Jina la Biashara

Akipanda huku kwetu Mwanda na shati lililonyooka na kabrasha kwapani, akisema kampuni yake kubwa inatafuta mtu mmoja tu wa kufungua tawi eneo hili, mkaribishe. Mpe chai. Unataka akae, maana maswali ni mengi.

Kabla senti haijatoka, mdai maandishi. Marekani, kwa kanuni ya shirikisho iliyoanza 1979 na kurekebishwa 2007, muuza franchaizi, yaani haki ya kutumia jina na mfumo wa biashara yake, lazima akupe waraka wa vipengele 23 siku 14 kabla hujatia sahihi wala kulipa: kesi zake, kufilisika kwake, ada zote, hata namna ya kuwapata waliojitoa. Afrika Kusini, sheria ya wateja ya 2008 inakupa siku 10 za kazi za kughairi baada ya kutia sahihi. Sisi Kenya hatuna sheria mahususi ya franchaizi. Tumeachiwa sheria za mikataba, za alama za biashara na za ushindani, na mtu aliyeuza ng'ombe apate mtaji anaingia gizani. Hilo linaniudhi, na wabunge wetu wasikie.

Basi jifanye wewe ndiye serikali. Jina ni la nani? Alama ya biashara husajiliwa KIPI, taasisi ya mali miliki ya Kenya, kwa miaka 10, kisha huhuishwa. Akose cheti, anakuuzia rangi ya ukutani.

Halafu fungua ukurasa wa ada, na usiharakishe hapo. Tazama mrabaha, yaani malipo yake ya kutumia jina, unakatwa wapi: kwenye mauzo au kwenye faida? Tuseme mkataba unataka asilimia 6 ya mauzo. Umeuza shilingi 100,000; ukilipa kodi, mishahara na bidhaa, umebaki na 4,000. Yeye anadai 6,000 zake. Umefanya kazi mwezi mzima na bado unatia mkono mfukoni. Angalia pia kama unalazimishwa kununua kila kitu kwake, kwa bei anayoipanga mwenyewe.

Omba simu za walioacha biashara hiyo, si za wale aliokuchagulia. Mkataba umpelekee wakili Voi ausome, hata kama mgeni wako anaapa kwamba nafasi inafungwa kesho. Ikifungwa, na ifungwe.

Swali la mwisho: mwezi ujao atamuuzia mwingine jina hilohilo hapo jirani Mgange? Akisema mtaelewana baadaye, mpe kalamu aandike mipaka sasa hivi.