Namna ya Kumng'oa Hakimu: Mwongozo kwa Wenye Hasira

Umeshindwa kesi ya mirathi. Nyumba ya marehemu baba kule Mtoni imegawiwa tofauti na ulivyopiga hesabu, na sasa unatoka Kituo Jumuishi Temeke ukiapa kuwa yule hakimu lazima ang'oke. Fuata hatua hizi moja baada ya nyingine, na hutafika popote.

Hatua ya kwanza: amini kwamba hakimu kavuta. Ushahidi usikuumize kichwa. Si alimchekea mdogo wako? Si alikukatiza ulipoanza kusimulia ulivyomuuguza mzee? Inatosha. Wapo watakaokwambia kuwa utovu wa maadili ni rushwa, upendeleo au lugha chafu kwa wadaawa, na kwamba hakimu aliyekosea sheria kwa nia njema dawa yake ni rufaa. Usiwasikilize. Watakupoza.

Hatua ya pili: mtafute kishoka, wakili wa kujifanya. Hana ofisi. Utamkuta kwenye benchi la kibanda cha steshenari, tai imelegea, bahasha ya kaki kwapani. Atakuita "mzee wangu" hata kama amekuzidi umri, na atakwambia hakimu huyo anamjua mpaka nyumbani. Atataka ya karatasi, ya kuchapa, ya nauli, kisha "ya mkubwa". Usimwombe risiti wala kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Hayo ni maswali ya washamba.

Hatua ya tatu: andika barua. Kichwa cha habari kiwe herufi kubwa, kipigiwe mistari miwili. Chini weka nakala kwa Rais, Waziri Mkuu, Spika, Jaji Mkuu, Mkuu wa Mkoa, mwenyekiti wa mtaa na vyombo vyote vya habari. Isifike tu inakotakiwa: Kamati ya Maadili ya Maafisa wa Mahakama ya wilaya, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya mahakimu wa mahakama za mwanzo. Hakimu wa wilaya au hakimu mkazi ana kamati ya mkoa. Wenye rungu la kufukuza ni Tume ya Utumishi wa Mahakama, chini ya Jaji Mkuu. Na ukisikia kuwa kamati ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya, mteule wa Rais, usithubutu kuuliza uhuru wa mahakama unaketi kiti gani katika ofisi yake. Swali hilo ni zuri mno kwa mtu mwenye hasira.

Hatua ya nne: kama aliyekuudhi ni jaji wa Mahakama Kuu, mtake Rais amtimue kesho asubuhi. Katiba haimruhusu kufanya hivyo kwa neno lake peke yake. Lazima kwanza iundwe Tume yenye majaji ndani yake, ichunguze na kumshauri. Novemba 2014 Bunge zima liliazimia Tume ya namna hiyo iundwe dhidi ya majaji wawili waliotajwa katika sakata la fedha za akaunti ya Escrow. Desemba, Rais Kikwete akawaambia wazee wa Dar es Salaam kwamba suala hilo lianzie Mahakama yenyewe. Bunge zima lilijibiwa hivyo. Wewe na bahasha yako ya kaki mtajibiwaje?

Kung'oka wanang'oka, lakini kwa njia nyingine. Desemba 31, 2011, Naibu Jaji Mkuu wa Kenya, Nancy Baraza, aligombana na mlinzi wa kike katika maduka ya Village Market, Nairobi, aliyetaka kumkagua. Mlinzi alisema alibanwa pua. Hakuanza na kishoka. Alieleza siku, mahali na kilichotokea. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu wa kwetu Tanzania, Augustino Ramadhani, ilisikiliza mashahidi, na Agosti 2012 ikapendekeza Baraza aondolewe. Oktoba akajiuzulu.

Hatua ya tano, iliyo kubwa kuliko zote: usihesabu siku. Rufaa kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ina siku 30. Zitumie zote benchini kwa kishoka, ukisubiri "mkubwa" arudi safari. Siku ya 31 mdogo wako atakuja na fundi kupima ukuta.

Ukichoka na mwongozo huu, kuna wa pili, nao ni mfupi. Ukiombwa hela, piga 113, TAKUKURU, kabla hujatoa hata senti. Ukitukanwa au kuonewa mahakamani, andika tarehe na majina ya waliokuwepo, upeleke kwenye kamati. Ukishindwa tu, chukua nakala ya hukumu ukate rufaa. Maana hata hakimu akifukuzwa leo, hukumu aliyoitoa inabaki na nguvu mpaka mahakama ya juu iitengue.