Kipima Moyo na Bwana Mnunuzi

Zamani mtu aliyetaka kujua mwendo wa moyo wake aliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa sekunde 15, akazidisha kwa 4, na hesabu ikatimia bila gharama. Lakini waungwana wa zama hizi, wasioamini chombo kisichotiwa umeme, wameiona elimu hiyo kuwa ni ya mafukara.

Tangu kampuni ya Polar ya Ufini, iliyoasisiwa mwaka 1977, ilipoleta sokoni vipima moyo visivyo na waya, ahali ya mazoezi wamegawanyika madhehebu mawili. Wa kwanza hufunga mkanda kifuani, wakiulowesha maji ili uhisi umeme wa moyo, na hesabu yao husadikika zaidi. Wa pili huvaa saa inayoimulika damu kwa taa ya kijani, nayo ni ya raha na fahari, ila mkono ukitikisika sana au saa ikilegea, hesabu hupotea. Baina ya madhehebu hayo bwana mnunuzi huketi miezi, akilinganisha bei, rangi na uhai wa betri kwa bidii ambayo nusu yake, lau ingalipewa miguu, ingalimfikisha mbali.

Akiisha kununua, hutoa umri wake katika 220 apate ukomo wa mapigo yake, naye haulizi kama kanuni hiyo ni kadirio tu. Kisha hujinyoosha kochini, na chombo, kwa uaminifu usio na haya, humwarifu kila siku kwamba moyo wake umepumzika vilivyo.