Shangazi, Theluji Imelalia Paa

Shikamoo Shangazi. Tunaishi New Jersey. Mume wangu amenunua gari-nyumba kuukuu ili tushuke nalo Florida tukaote jua. Juzi theluji imeanguka, juu ya paa imefika sentimita 30. Nikimwambia aifagie, ananijibu kwamba upepo wa barabara kuu utaifagia bure. Leo siku ya tatu hatusemeshani. – Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Mumeo kasema kweli, upepo utafagia. Hajakwambia tu utamfagilia nani. Theluji ya juu huyeyuka mchana ikaganda usiku, na asubuhi mnakuta ubao mzima wa barafu. Gari likishika kasi, ubao huo hung'oka kama bati la banda siku ya dhoruba, ukatua kwenye kioo cha anayewafuata. Na mumeo akikanyaga breki ghafla, unateleza mbele na kumfunika yeye mwenyewe. Hapo kwenu, kuacha tu theluji juu ya gari ni faini ya dola 25 hadi 75. Ikimjeruhi mtu au kuharibu mali, dola 200 hadi 1,000. Bure gani hiyo?

Lakini usimpandishe juu. Paa la mita 9 kwa 2.5, theluji ikiwa nyevu, huenda limeshabeba karibu tani mbili, na mume wa mtu baada ya pilau ya Krismasi si mwepesi. Tena mapaa hayo mengi yamevikwa mpira, ukilowa unateleza kuliko ganda la embe. Asimamishe ngazi ubavuni, avute kwa fagio laini la mpini mrefu, kidogo kidogo. Beleshi la chuma asiliguse: huchana mpira, na tundu moja linatosha kuozesha mbao kimyakimya. Tabaka la mwisho, unene wa kidole, aliache. Vifuniko vya matundu ya hewa navyo avikwepe. Plastiki iliyopigwa na baridi huvunjika kama papadi.

Ngazi inataka mtu wa kuishika. Mtu huyo ni wewe, na sijaona aliyeshika ngazi vizuri huku amenuna.

Shangazi, mimi sipendi kupoteza muda. Nimemwagia paa sufuria la maji moto. – Mwerevu, Minnesota

Sasa una paa la barafu, na ngazi ya barafu. Subiri jua. Na ile chumvi ambayo hukuniandikia, lakini nakujua, itakula vyuma. Itie kwenye mihogo.

Shangazi, gari letu lina kile chumba kinachosukumwa nje. Nilikirudisha ndani kikiwa na theluji juu. Usiku kucha maji yamemdondokea mama mkwe kitandani. Anasema nimemfanyia kusudi. Nifanyeje? – Mkwe Mwema

Kwanza, ulifanya kusudi? Kama hapana, siku nyingine fagia juu ya chumba hicho kabla ya kukirudisha. Leo, kabla ya kuwasha hita ya kumkausha, zunguka nje uone kama tundu la kutolea moshi limezibwa na theluji. Likiziba, kaboni monoksidi hurudi ndani, nayo haina harufu ya kukuamsha. Kisha mpe mama kitanda chako, wewe kalale penye matone. Beba beseni.