Mtandao Umesingiziwa Tena: Visa Tisa vya Klasta, Vimepangwa kwa Aibu

Programu ikigoma kwenye klasta yetu, kuna mtu mmoja ofisini ambaye simu yake huita kabla sijasoma hata mstari mmoja wa kosa lenyewe. Ni jamaa wa mtandao. Ameshanizoea. Akiona jina alilonihifadhia kwenye simu yake (jina lenyewe tutalifikia) haulizi kuna nini. Anauliza, "Dogo, leo umenisingizia lipi?"

Orodha hii ni fidia yake. Nimeipanga kwa aibu, si kwa hasara: namba 9 unaweza kuisimulia mbele ya wakwe, namba 1 unazikwa nayo. Ameisoma kabla yenu, na vijembe vyake nimeviacha vilivyo.

Neno moja kwanza kuhusu jina la anayeiendesha klasta yetu. Kubernetes, ambayo Google waliitangaza Juni 2014 na toleo lake la 1.0 likatoka Julai 2015, ni Kigiriki cha mshika usukani. Hata nembo yake ni usukani wa meli wenye mikono saba. Unamwandikia kwenye faili unachotaka, tuseme podi tatu (vifurushi vya kontena) za programu fulani, na yeye anahangaika usiku kucha zibaki tatu. Pwani tungemwita nahodha tukaelewana. Tabu yake ni kwamba anatii kila ulichoandika, pamoja na makosa ya herufi.

9. Pakiti nene

Naanza na hii kwa heshima, maana ndiyo pekee ambayo mtandao ulikuwa na hatia. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka vizuri. Ping ilijibu. Ukiomba ripoti ya mwezi mzima, duara linazunguka mpaka chai inapoa. Vitu vidogo vinapita, vikubwa vinafia njiani, wala hakuna anayeleta habari za msiba.

Mtandao wa kawaida hubeba pakiti ya baiti 1500. Klasta inayotumia VXLAN huifunga pakiti ya podi ndani ya pakiti nyingine, na bahasha hiyo ya pili inakula baiti 50. Kwa hiyo podi inatakiwa iambiwe mwisho wake ni 1450. Zetu ziliambiwa 1500. Tulituma ping yenye mzigo wa baiti 1472, tukakataza isikatwe vipande: kimya. Tukashusha hadi 1422: ikajibu papo hapo. Ongeza baiti 28 za vichwa vya pakiti uone hesabu inavyokaa.

"Kosa langu moja tu," akasema jamaa, "na dogo kaliweka la kwanza."

La mwisho, kaka. Tunahesabu kurudi nyuma.

8. Mabegi kwenye viti

Podi imekaa Pending tangu asubuhi. Unaangalia nodi, kumbukumbu inayotumika haifiki nusu. Unakimbilia kusema klasta inadanganya. Haidanganyi. Anayepanga podi haangalii nani anatumia, anaangalia nani kaweka oda. Ukiiandikia gigabaiti 4 programu inayotumia megabaiti 300, umeweka begi kwenye kiti cha basi la mkoani. Viti vinaonekana vitupu, abiria wako nje, na kondakta anaapa basi limejaa.

Andika `kubectl describe pod` na usome chini kabisa, kwenye matukio. Utakuta 0/3 nodes are available: 3 Insufficient memory. Ondoa mabegi.

7. "Kwangu inafanya kazi"

Mwenzetu ana Mac ya chipu za Apple, ule ukoo ulioanza na M1 mwaka 2020. Akajenga imeji mezani kwake, ikatoka ya arm64. Seva zetu ni amd64. Kontena ikawaka, ikatamka exec format error, ikafa. Alipotuambia kwake inafanya kazi, tulimwomba awapangie wateja foleni nyumbani kwake. Dawa ni kujenga upya kwa `--platform linux/amd64`. Tuendelee.

6. CrashLoopBackOff, jina la kutisha watoto

Nimewaona watu wazima wakiliandika neno hili kwenye sanduku la kutafutia na kuanza kufuata ushauri wa kila mpita njia. CrashLoopBackOff si ugonjwa. Ni taarifa kwamba mgonjwa ameanguka mara kadhaa na nesi sasa anasubiri kidogo kabla ya kumsimamisha tena: sekunde 10, halafu 20, 40, 80, 160, na kutoka hapo dakika 5 kila mara. Ugonjwa wenyewe uko kwenye logi, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Kontena mpya imewaka sekunde mbili zilizopita, haijasema lolote. Maneno ya mwisho ya marehemu yako kwenye `kubectl logs --previous`. Neno hilo la mwisho limeniokoa mara nyingi kuliko mkutano wowote wa dharura.

Ukikuta namba 137 na neno OOMKilled, ni kwamba programu ilivuka kikomo cha kumbukumbu ikapigwa ishara ya 9. 128 jumlisha 9, ndiyo hiyo 137. Ama uongeze kikomo, ama uulize kwa nini programu ya kutuma ujumbe mfupi inakula kumbukumbu kama inahariri filamu.

Lakini kisa kilichonitesa kilikuwa kingine. Programu ya Java iliyohitaji karibu dakika nzima kuamka. Nilikuwa nimeiwekea livenessProbe, kile kipimo cha kuuliza kama bado uko hai, kwa mipangilio yake ya kawaida: anauliza kila sekunde 10, ukishindwa mara 3 unauawa. Hesabu mwenyewe. Programu ilikuwa bado inatafuta kandambili chini ya kitanda, askari ameshagonga mara tatu na kuvunja mlango. Inauawa, inaamshwa, inatafuta kandambili. Siku nzima nilitafuta muuaji, na muuaji nilikuwa mimi, faili namba fulani, mstari wa 41. startupProbe ndiyo iliyomaliza ugomvi: kipimo cha uhai kinangoja mpaka programu iseme imeamka.

"Na siku hiyo ulinipigia mara ngapi?"

Nne.

5. Kufuli lililofungia na njia ya kuulizia njia

Kwenye klasta mpya podi zote zinaongea na podi zote. Siku unapoandika NetworkPolicy ya kwanza inayogusa trafiki ya kutoka ya podi fulani, podi hiyo inaruhusiwa kwenda pale tu ulipotaja. Ukataja hifadhidata, poti 5432. Safi. Ukasahau DNS, poti 53. Sasa podi inaruhusiwa kwenda kwa hifadhidata, ila hairuhusiwi kumuuliza mtu yeyote hifadhidata inakaa wapi. Logi zinasema jina halijulikani, na wewe unaanza kuipekua CoreDNS ya watu, mjibu majina wa klasta, ambayo haijakosa lolote. Ukiruhusu 53, ruhusu UDP na TCP zote mbili, vinginevyo jibu refu litakutoa jasho siku nyingine.

Kuna aibu iliyo kubwa kuliko hiyo: klasta inayotumia Flannel peke yake haitekelezi NetworkPolicy kabisa. Faili linapokelewa, linahifadhiwa, hakuna anayelisoma. Ni sawa na kibao cha "Usikojoe hapa".

4. Kuipigia ping anwani isiyo na mwili

Anwani ya Huduma (Service) ndani ya klasta, ile ClusterIP, kwenye mpangilio wa iptables haikai kwenye kadi yoyote ya mtandao. Ni sheria tu zilizoandikwa kwenye kila nodi: anayetaka anwani hii na poti hii, mpeleke kwa podi ile. Ping haina poti, kwa hiyo haina sheria inayoihusu. Kukosa jibu si dalili ya chochote. Tumia curl, na simu uiache mfukoni.

3. Programu inayojisikiliza yenyewe

Podi imesimama, Running. Logi zinatangaza kwa furaha kwamba seva inasikiliza poti 8080. Ukiingia ndani ya podi na kujaribu curl, inajibu. Hata kubectl port-forward kutoka kwenye laptopu yako inafanya kazi, na hapa ndipo unaposhawishika kuwa kosa ni la mtandao. Podi ya jirani ikijaribu: connection refused.

Rudi kwenye logi usome polepole, neno kwa neno. Inasikiliza 127.0.0.1:8080. Yaani imejifungia chumbani na inamjibu aliyemo humo humo tu. Na port-forward huingilia humo humo chumbani, ndiyo maana ikakudanganya. Iambie isikilize 0.0.0.0, uijenge upya, uiweke hewani tena. Fremuweki nyingi za wavuti huwaka kwenye 127.0.0.1 zikiwa kwenye laptopu, kwa usalama wako, na hakuna anayezikumbusha kwamba zimehama nyumba.

Nikimpelekea jamaa hii, huwa hanijibu. Hunitumia picha ya mlango.

2. Herufi moja

Huduma haijui podi kwa jina. Inazitambua kwa lebo: yeyote aliyevaa `app: malipo` ni wangu. Podi zangu zilivaa `app: malipo`. Huduma yangu ilikuwa inatafuta `app: mallipo`. Nahodha hakuona ubaya. Kuna Huduma, kuna podi, zote kijani, na katikati yao hakuna uhusiano wowote, kama wapangaji wa ghorofa moja.

Kuna amri moja ya kujua: `kubectl get endpointslices`. Ikiwa safu ya anwani haina kitu, usiguse mtandao, soma lebo. Ikiwa anwani zipo na bado hupiti, tazama targetPort: huenda Huduma inapeleka watu poti 80 na programu iko 8080. Lango la NGINX hata linakusaidia kubashiri. 503 mara nyingi ni kwamba nyuma hakuna podi yoyote iliyo tayari, 502 ni kwamba podi ipo ila mlango uliogongwa siyo.

Herufi hiyo moja ilitugharimu alasiri nzima na watu watatu. Mmoja alikuwa ameshapendekeza tubadilishe mfumo mzima wa mtandao wa klasta. Sitamtaja. Alikuwa mimi.

1. Majaribio

Saa nane mchana, wateja hawapiti. Nikafungua terminal. Podi tatu, zote Running, hakuna hata moja iliyoanguka. Endpointi zimejaa. DNS inajibu. Nikafuta podi, zikazaliwa nyingine, nzima. Nikarudisha toleo la wiki iliyopita, likapanda bila kikohozi. Kila nilichogusa kilikuwa na afya, na kila dakika simu ya huduma kwa wateja ilikuwa inaita upande wa pili wa ukumbi. Baada ya saa mbili nikatamka kwa sauti, mbele ya meneja, kwamba tatizo ni mtandao.

Jamaa akaja na chapati mkononi. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti changu, akatazama kioo kwa muda wa kutafuna tonge moja.

"Dogo, andika kubectl config current-context."

Nikaandika. Likatokea neno moja: majaribio.

Nilikuwa nimetibu kwa saa mbili klasta ambayo haikuwa inaumwa. Asubuhi nilihamia huko kuangalia kitu kidogo, nikasahau kurudi. Ile ya wateja nilipoifungua, logi za podi zilisema kila kitu kwenye mstari wa kwanza: nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, podi bado zilikuwa na la zamani. Dakika nne.

Jamaa alimaliza chapati yake, akajifuta mafuta kwa karatasi ya ripoti iliyokuwa mezani kwangu, akaondoka bila neno. Siku hizi terminal yangu inaandika jina la klasta kwa herufi nyekundu kabla ya kila amri. Na kwenye simu yake, mpaka leo, nimehifadhiwa kwa jina la Majaribio.