Kumsifu Dereva Mwoga

Mashujaa wamesifiwa vya kutosha. Wapiganaji wana tenzi zao, Askari ana sanamu yake ya shaba katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, na madereva wa mabasi ya mikoani wana majina ya utani yanayojulikana kuanzia Msamvu hadi Tunduma. Dereva mwoga hana kitu. Ana foleni nyuma yake, basi, na foleni hiyo haikuja kumpongeza. Wahenga waligusia habari zake waliposema kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, lakini hawakueleza kicheko hicho kinamcheka nani. Kilosa tunajua.

Mwalimu mmoja mstaafu wa hapa, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu mkewe husoma kila kinachochapishwa, anatakiwa kumpeleka mama huyo bandarini Dar es Salaam akapande boti ya Zanzibar, ambako binti yao amejifungua. Watu wengine safari kama hiyo huipanga huku wanatafuta funguo za gari. Mwalimu ameianza tangu mwezi uliopita. Amenunua daftari. Amehoji makondakta, madereva wa Fuso, kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kuvuka Dumila, na fundi aliyezifungua tairi zote nne akazirudisha zilezile. Amekagua jeki, tairi la spea, pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto. Kila jioni huwasha gari, akalisikiliza, kisha akalizima akiwa na wasiwasi kuliko alipoliwasha.

Kutoka Kilosa njia ni mbili. Moja hupita Rudewa na Dumila, ina lami, na hutokea kwenye barabara ya Dodoma. Nyingine hushuka kusini hadi Mikumi na hupita kijiji cha Ulaya, hivyo mtu wa Kilosa anaweza kwenda Ulaya asubuhi na kurudi nyumbani kula mchana bila viza. Mwoga wa kawaida angechagua Dumila. Mwalimu imembidi achague Mikumi kwa kuwa shemeji yake anaishi huko na ameamua kufuatana nao, na katika orodha ya vitu anavyoviogopa Mwalimu, shemeji yuko juu ya tembo.

Utauliza, treni je? Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa, stesheni ipo, na inafika Dar es Salaam kabla Mwalimu hajamaliza kurekebisha vioo. Amelifikiria hilo. Anasema dereva wa treni hajawahi kumwona, kwa hiyo hajui kama anaogopa inavyotakiwa. Nimeitafuta kasoro ya hoja hii na sijaiona.

Sifa kubwa ya mtu huyu ni kusoma. Serikali imesimika vibao kutoka Mikumi hadi Kimara, na kwa niliyoyaona kwa macho yangu msomaji wake ni mmoja. Kibao kikisema 50, Mwalimu huenda 40, kwa tahadhari kwamba huenda mchoraji alikosea. Rasta huzipita moja moja, kwa adabu. Husoma hata yasiyoandikwa: akikuta matawi mabichi yametandazwa barabarani anajua mbele kuna lori limeharibika, naye huanza kupunguza mwendo tangu jani la kwanza, mpaka mkewe amwambie, "Baba, hilo ni jani la mwembe, limeanguka lenyewe." Kisha kuna lugha ya taa. Lori lililo mbele likiwasha ya kushoto, maana yake kweupe, pita. Likiwasha ya kulia, tulia, kuna gari linakuja. Au pengine lori linakata kona kweli. Shujaa huamua papo hapo. Mwalimu hulifuata lori hilo hadi linakokwenda, apate uhakika.

Halafu ipo hifadhi. Mikumi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Zambia inaikata kwa takriban kilomita 50. Wageni huvuka bahari na kulipa dola ili waingizwe kuwaona pundamilia. Shujaa wetu hupita katikati ya pundamilia haohao bila kulipa senti, na anachokiona ni michirizi. Dereva mwoga peke yake ndiye anayefanya utalii pale: ameona nyumbu, ameona ngiri, amehesabu nyani, amesimama kumpisha mmoja aliyekuwa amekaa tu kando hana nia ya kuvuka. Na kile kibao chenye orodha ya wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja, kwa dola, amekinakili chote kwenye daftari na kukigeuza kuwa shilingi kwa bei ya siku. Kwa hiyo yeye haoni twiga. Anaona deni lenye shingo. Wataalamu wa uhifadhi wanaweza kuandaa semina hadi wachoke. Hakuna swala wa Mikumi aliyewahi kupata madhara kutoka kwa mtu anayefikiri hivyo.

Wanaomcheka Mwalimu hawaijui historia ya barabara wanayoikimbilia. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta ya kusini, na malori yakaanza kubeba mapipa kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa, juu ya udongo, vumbi kiangazi na utelezi masika. Wazungu waliiita njia hiyo ya jehanamu, na kando yake palijaa mabaki ya malori. Ushujaa ulikuwepo tele. Nchi mbili zikaamua nini? Zikachimbia bomba. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilika, kilomita 1,710 hadi Ndola, na mafuta yakaanza kusafiri bila dereva kabisa. Hapo ndipo akili ya Mwalimu ilipofanywa kuwa sera ya mataifa mawili, na hakuna aliyecheka.

Nakiri kwamba kwa hazina ya taifa mtu huyu ni hasara tupu. Kosa moja la barabarani ni shilingi 30,000, na tochi ya trafiki imefichwa nyuma ya kichaka kwa ajili ya watu wenye haraka zao. Mwalimu akipita, tochi humpima, na askari huitazama upya kuona kama betri zimeisha. Kama sote tungeendesha hivi, wale askari wangekaa Doma kutwa wakinunua nyanya. Madereva wenzake wa upande wa pili humwashia taa kumtahadharisha kuwa mbele kuna tochi. Yeye hudhani kuna kitu kimedondoka kwenye gari lake, husimama, na hushuka kuangalia.

Na foleni yenyewe, tuizungumze bila chuki. Nyuma ya Mwalimu kuna Fuso la nyanya, basi la Mbeya, lori la shaba lililotoka Kongo, na kigari cha padri. Watu hawa wasingekutana popote pengine. Mbele yake yanakuja magari ya IT, yale yanayopita tu kwenda nchi jirani, yametoka bandarini hayana hata namba za kudumu, yanakimbilia Tunduma kana kwamba Zambia inafungwa saa kumi. Maadui wake husema ni yeye anayesababisha ajali, maana walio nyuma huchoka na kuovateki kwenye kona. Ndivyo mwizi anavyomlaumu mwenye nyumba kwa kufunga mlango. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, Mwalimu ameongeza kipengele kwenye daftari: jua likizama tunalala, popote tulipo, hata kama ni Mlandizi.

Lakini sifa ninayoiona kubwa kuliko zote inangoja mwisho wa safari, kwenye maji. Pale Dar es Salaam huingia pia meli za kitalii, ghorofa juu ya ghorofa, zenye watu wengi kuliko baadhi ya kata zetu. Nahodha wa meli kama hiyo ana mistari ya dhahabu mabegani na amevuka bahari kuu. Anapolikaribia lango jembamba kati ya Magogoni na Kigamboni, anafanya nini? Anasimama nje na kungoja rubani wa bandari apande, amwoneshe njia. Anafanya hivyo mbele ya abiria wote, na hakuna anayempigia mluzi. Sheria za bahari nazo ni kama zimeandikwa kwenye daftari la Mwalimu. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 zinataka kila chombo kiwe na mtu wa kuangalia na kusikiliza muda wote, kazi ambayo shemeji huifanya kutoka kiti cha nyuma bila kuombwa. Zinataka mwendo wa salama wakati wote. Na kanuni ya 13 inasema kwamba chombo kinachokipita kingine ndicho chenye wajibu wa kukaa mbali na kinachopitwa. Isome tena, wewe dereva wa basi. Anayepitwa hana kosa. Mwalimu alizaliwa nahodha, bahati mbaya akazaliwa Kilosa.

Kwa sasa mpango ni huu. Wataondoka siku mbili kabla ya boti, alfajiri lakini si gizani. Watakunywa chai Mikumi kwa shemeji, watalala Morogoro, na siku ya pili wataingia Dar es Salaam kupitia Kibaha saa ambayo watu wa mjini wapo kazini. Gari litaachwa Kimara kwa mpwa wake, kwa sababu Mwalimu amesikia habari za Kariakoo na hataki kuzisikia tena. Kutoka hapo watapanda mwendokasi hadi Kivukoni, dereva akiwa mtu mwingine, Mwalimu akiwa amefumba macho.

Ukijikuta nyuma yake siku hiyo, mahali fulani kati ya Mikumi na Doma, shusha kioo upate hewa. Usimpigie honi. Ukimpigia, atapunguza mwendo ili akusikilize vizuri.